Si Safari, Ni Mtaani

Mwaka niliofika darasa la saba, shule yetu ilihama, nasi tukahama nayo kama wapangaji waliofukuzwa. Ukuta wa upande wa vyoo ulipasuka wakati wa mvua za masika, ufa ukapanda mpaka dirishani, na watu wa baraza la mji wakaja na kamba wakauzungushia. Tulisomea uani kwa muda, kila darasa na kivuli chake. Jua lilihama, nasi tukahama na madawati yetu. Halafu tukaambiwa tutapelekwa kwenye kambi ya zamani ya wajenzi wa barabara, nyuma ya machimbo ya mawe, kule kunakoitwa Kware. Leo maghorofa ya Kware yamebanana hata nguo za jirani zinakupiga usoni. Wakati ule palikuwa na nyasi, vumbi jeupe na mabanda ya mabati. Basi la kukodi lingetupeleka na kuturudisha. Mambo haya yote, tuliambiwa, ni ya muda tu.

Kwa rehema za Mwenyezi Mungu nimeyasubiri mengi ya muda tu katika maisha yangu, na sasa najua kukaa nayo. Wakati ule sikujua. Nilikuwa msichana ambaye hawezi kuketi bila kutikisa mguu, na mwisho wa mwaka kulikuwa na mtihani. Ukiupita, unakwenda sekondari. Usipoufanya, mtaani kwetu msichana aliolewa kabla ya masika mengine. Mimi nilitaka kuwa mwalimu. Sikumwambia mtu, kwa sababu ya kuogopa kuchekwa, lakini nililitaka jambo hilo hata katika sijida.

Tulikaa Majengo, katika nyumba ya udongo na mabati yenye baraza mbele. Baba alikuwa dereva wa lori la kwenda Uganda, na nyumbani alionekana kama mwezi mwandamo: unangojewa, unabishaniwa, kisha unapita. Kwa hiyo mwenye kukata shauri alikuwa babu, mzaa baba. Ujanani mwake babu alichukuliwa kubeba mizigo katika vita vya Mjarumani. Alikwenda kwa miguu mpaka nchi za kusini na akarudi, na wengi aliotoka nao hawakurudi. Hakuwa na hadithi za vita. Kilichobaki kwake ni kwamba neno safari alilitamka kwa tahadhari, kama wengine wanavyolitamka neno kaburi. Mtu akimwambia safari njema, alijibu "Inshallah" na kutazama kando. Kwenda Mombasa ilikuwa safari. Kwenda Eastleigh ilikuwa mtaani. Hakuwa na jina la kilichokuwa katikati.

Habari ya basi ilipofika nyumbani, mama alimpelekea chai barazani na kumweleza.

"Litawachukua hapo sokoni, baba, na kuwarudisha hapohapo."

"Wanapelekwa wapi?"

"Huku upande wa Embakasi. Ni hapo tu."

"Ni mtaani au ni safari?"

Mama hakuwa amefika huko. "Ni mtaani, baba."

"Kama ni mtaani, na aende. Kama ni safari, huyu ni mwari sasa. Hasafiri bila maharimu."

Maharimu ni mwanamume wa damu yako ambaye hawezi kukuoa: baba, kaka, babu. Baba alikuwa njiani siku zote, na kaka sikuwa naye. Niliposikia neno mtaani nilipumua, nikaenda kufua sare.

Basi lenyewe lilikuwa limeshawatumikia wengine kabla yetu. Chini ya rangi ya buluu yalionekana maandishi ya mwenyewe wa kwanza, na mlango wa nyuma ulifungwa kwa waya. Lilikuwa moja, wanafunzi wengi, kwa hiyo lilifanya zamu mbili. Kwanza lilipeleka watoto wa Kaloleni na Shauri Moyo, kisha likaja kutuchukua sisi. Zamu ya pili ilikuwa zamu ya roho juu. Ulisimama karibu na soko tangu jua halijapata moto, ukikodolea kona macho, na kila gari lililounguruma lilikuinua. Siku nyingine lilikuja mapema, tukalikimbilia na viatu mkononi. Siku nyingine lilikuja tumeshakata tamaa, nusu yetu wamekwenda kucheza. Kuna siku halikuja kabisa, na hakuna aliyetuambia kuwa haliji. Tuliona jua limeshapanda, tukarudi nyumbani.

Dereva alikuwa mtu wa Machakos, mwenye kifua kipana na sauti ya kuchekesha watoto. Kabla ya kuachia breki aligeuka, akatuhesabu kwa macho, akasema maneno yaleyale:

"Haya, wasomi. Safari njema."

Huko kambini hakukuwa na kengele. Walipiga rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye nguzo. Upepo ukivuma, mabati yaliongea kuliko mwalimu. Adhuhuri machimboni walipasua mawe kwa baruti, na vumbi lilitua juu ya madaftari yetu, nasi tukalipuliza ili tuone tulichoandika. Ukianza kuuzoea wakati wa hesabu, rimu inalia, basi limekuja mapema, funga vitabu. Sikumbuki siku moja ya muhula ule ambayo nilimaliza jambo nililolianza.

Ndipo Ramadhani ikaingia, katikati ya muhula wa tatu.

Kufunga nyumbani ni jambo moja. Kufunga ndani ya basi lenye vumbi la mawe ni jambo jingine. Koo lilikauka tangu Makadara. Wenzetu Wakristo mwanzoni walikula mihogo yao wakitazama dirishani kwa heshima yetu, ingawa harufu haina heshima. Kiti cha mwisho alikaa mtoto wa muuza nyama wa mtaani kwetu, darasa moja nami, miguu ameitandaza kama kadhi. Asubuhi moja akatoa hukumu.

"Nyinyi mnajitesa bure. Sisi ni wasafiri. Msafiri ana ruhusa ya kula."

"Ruhusa ya nani?" mmoja akamuuliza.

"Ya Mungu. Wewe hukwenda chuo? Imo kwenye Kurani."

"Safari gani, na jioni unakula kwenu?"

"Dereva anasema nini kila siku? Si anasema safari njema? Ama ni mimi nasema?" Akapaza sauti. "Eti dereva, hii ni safari ama si safari?"

Dereva alikuwa anapigana na gia. "Kwa injini hii, kijana, ni safari na nusu."

"Mmesikia. Shahidi huyo." Na akachomoa muhogo wa kuchoma mfukoni.

Mimi nilikuwa nimesoma mlango wa msafiri chuoni, chuo kile cha Kurani tulichokwenda kila alasiri kabla shule haijahama. Sikuweza kunyamaza. "Safari ina masafa yake," nikasema. "Ni marhala mbili."

"Wee mathee, marhala ni nini? Ni stegi ya basi?"

Basi zima likacheka, maana mathee kwao ni mama mtu mzima. Tangu siku hiyo, kila nilipopita walinipigia kelele: "Dereva, tushushie marhala. Mathee anashuka marhala." Na idadi ya wasafiri ikakua. Wiki ya kwanza haijaisha, nusu ya watoto Waislamu wa viti vya nyuma walikuwa wanakula mihogo na mandazi mchana kweupe, na jioni wanaketi kwenye futari ya kwao midomo imepanguswa.

Nilikuwa na mdogo wangu wa kike, darasa la pili. Hakuwa amelazimika kufunga, lakini alifunga kwa kushindana, na kila alipofika magharibi babu alimpa tende ya kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. Jioni moja adhana ililia, babu akamnyooshea tende. Mtoto akaiangalia, akaficha mikono nyuma.

"Leo sikufunga, babu. Lakini sina kosa. Mimi ni msafiri."

Mama alicheka. Mimi sikucheka. Babu naye alianza kutabasamu, tende bado iko hewani.

"Msafiri wa wapi, mke wangu mdogo?" Ndivyo alivyotuita siku za kawaida, kama babu wa Kiswahili anavyowatania wajukuu zake: mimi mke wangu, yeye mke wangu mdogo.

"Wa shule. Tukipanda basi tunakuwa wasafiri. Wakubwa wote wanakula. Hata dereva anasema safari njema."

Babu akairudisha tende sahanini. Akanitazama mimi.

"Ni kweli? Anasema hivyo?"

"Anasema, babu. Lakini ni maneno tu."

"Hakuna maneno tu." Akanywa uji wake taratibu, akaweka kikombe. "Kesho usipande, binti."

Hakuniita mke wangu. Mama akasogea. "Baba, mtihani umekaribia sana."

"Mimi niliuliza. Nikaambiwa ni mtaani. Sasa wanaokwenda wenyewe wanasema ni safari, na wanakula saumu kwa sababu yake. Nimwamini nani?"

Neno moja lilikuwa limewafungulia wenzangu chakula na kunifungia mimi mlango.

Siku iliyofuata nilibaki. Nilisikia basi likinguruma pale sokoni, nikatoka mpaka kwenye kizingiti, nikaona kichwa cha mdogo wangu dirishani na mkono wake ukipunga. Kisha kona ikalimeza. Nilichagua mbaazi za futari, nikamaliza, nikazimwaga kwenye ungo nikazichagua tena zilezile. Nilifungua kitabu cha hesabu na kusoma swali moja mpaka likaacha kuwa na maana. Nilisali adhuhuri, nikafika katikati sijui niko rakaa ya ngapi, nikaanza upya, nikapotea tena. Nyumba ya pili wasichana wawili wa rika langu walikuwa nao wamebakizwa. Babu ndiye aliyekuwa akiadhini msikitini muadhini akiugua, na nyumba nyingi zilimtazama yeye kwanza kabla ya kuamua.

Mdogo wangu aliporudi nilimkimbilia. "Mwalimu ameniulizia?"

"Ameuliza uko wapi. Nikamwambia wewe si msafiri."

Baada ya sala ya alasiri mwalimu wetu wa chuo alikuja barazani. Mama ndiye aliyempelekea salamu kupitia kwa mkewe. Alikuwa mzee mwembamba, rika la babu, na wawili wale walitaniana tangu miaka ambayo Majengo ilikuwa na nyumba za kuhesabika. Mimi na mama tulikaa nyuma ya pazia la mlango, tukasikia kila kitu.

"Nasikia wajukuu zako wamefungua madhehebu yao ndani ya basi," mwalimu akasema.

"Usinichekeshe, nimefunga."

"Haya, hatucheki. Masafa ya msafiri ni marhala mbili, mwendo wa siku mbili wa ngamia mwenye mzigo. Hapo wanapokwenda hata robo yake hapafiki. Waliobaleghe wafunge, na hao wala mihogo nitawaita mwenyewe chuoni."

"Na binti?"

"Binti hivyohivyo. Si safari."

"Wewe umefika huko?"

"Sijafika."

"Basi unapima kwa kitabu."

"Ulitaka nipime kwa nini? Kwa fimbo?"

Sauti ya babu ikashuka. "Kitabu chako nakiheshimu. Lakini huyu mama yao aliniambia ni hapo tu. Na sisi siku ile tulipotwishwa mizigo tuliambiwa ni hapo tu, ng'ambo ya mto. Tulikwenda mpaka nikasahau ni mwezi gani. Sijui kumpeleka mtoto wa kike mahali panapoitwa hapo tu."

Mama aliinamisha kichwa.

"Nenda ukapaone, ndugu yangu," mwalimu akasema. "Msafiri haanzi safari kwa kupanda gari. Anaianza nyumba za mji wake zinapokwisha. Panda hilo basi, uzitazame nyumba."

Asubuhi babu alivaa kanzu nyeupe, koti juu yake, kofia na bakora, akasimama nasi sokoni. Basi lilichelewa kama kawaida, na hapo nikaona kumbe kutotulia kwangu nimekurithi kwake. Alikwenda mpaka kona, akarudi. Akauliza kama dereva ana afya nzuri. Akaenda tena mpaka kona. Lilipofika, dereva alimwangalia kutoka juu mpaka chini.

"Shikamoo, mzee. Unakwenda kusoma?"

"Marahaba. Nakwenda kutazama."

Akampisha kiti cha mbele. Sisi tukaingia kimya kama tunaingia msikitini. Nilimwona mtoto wa muuza nyama akiusukuma muhogo wake ndani ya shati na kukunja miguu. Dereva akageuka, akatuhesabu kwa macho, akafungua mdomo.

"Haya, wasomi. Safari..."

Nilitikisa kichwa. Alinielewa. "...Twendeni," akamalizia, na injini ikalia.

Nilikaa nyuma ya babu, nimeshika chuma cha kiti chake. Barabara ya Jogoo alikuwa anaijua, lakini aliitazama kama mgeni. Midomo yake ilicheza, nami nikadhani anasoma uradi, mpaka niliposogea nikasikia. "Nyumba," alisema. "Nyumba. Nyumba." Makongeni nyumba, Makadara nyumba, Jericho nyumba. Tulipinda kuelekea kusini, tukafika Donholm, ambayo bado ilikuwa shamba la ng'ombe wa maziwa. Upande huu waya, upande ule waya, na katikati nyasi zilizokauka mpaka macho yanapochoka. Babu aliegemea mbele, akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Zimekwisha," akasema.

Hakumwambia mtu. Lakini nililisikia, na mikono yangu ikaachia chuma. Nilianza kuwaza nani atachukua dawati langu. Niliwaza habari ya kumrudishia mwalimu kitabu cha hesabu. Mdogo wangu alinivuta gauni akitaka kunionyesha ndama, nikamwambia aniache.

Mbele kidogo, pale barabara inapopanda, basi likakohoa na kuzimika. Ilikuwa desturi yake. Dereva akapiga usukani kwa kiganja.

"Wakubwa washuke, wasukume."

Wavulana wakashuka, na babu akashuka pia. Dereva alimsihi akae, naye akajifanya hasikii. Aliacha barabara, akaingia kwenye nyasi, kanzu ikishika mbegu, akasimama akiwa ametugeuzia mgongo. Nikashindwa kukaa. Nilimfuata, nikasimama nyuma yake bila kusema.

Akageuka polepole na kutazama tulikotoka. Uwanda wote ulikuwa chini yetu, na kwa mbali kabisa, juu ya mji, moshi ulikuwa umeegemea upande mmoja. Midomo yake ilikuwa myeupe kwa kiu.

"Ule moshi ni wa wapi?"

"Wa viwandani, babu. Kule ng'ambo ya reli."

"Reli yetu?"

"Reli yetu. Na ule mweusi ndio tunaouona tukianika nguo. Mama huulalamikia mashuka yake."

Aliutazama kwa muda mrefu. Nyuma yetu wavulana walihesabu moja, mbili, tatu, na basi likasogea kidogo likarudi. Dereva alikuja akipangusa mikono kwa kitambaa.

"Pole na safari, mzee wangu. Litawaka sasa hivi."

"Hii si safari," babu akasema.

"Si safari?"

"Safari ni ukigeuka usione moshi wa kwenu. Mimi nimegeuka, nauona."

Dereva alitazama moshi, akamtazama babu. "Sasa kama si safari, mzee, hii tuite nini?"

"Ni mtaani. Mtaa umevutwa tu."

Sikulia, kwa sababu sikutaka kulia mbele ya mtoto wa muuza nyama. Nilisema alhamdulillahi kimoyomoyo, mara moja, na sauti yake naisikia mpaka leo. Babu alirudi barabarani, akasimama nyuma ya basi walipokuwa wavulana, mashavu yao yameegemea bati.

"Nyinyi. Nani hapa ni msafiri?"

Mtoto wa muuza nyama akajibu bila kuinua shavu: "Hakuna, babu. Sote tuko mtaani."

"Basi mnafunga."

"Tunafunga, babu." Akapapasa shati lake. "Na huu muhogo?"

"Mpe asiyefunga."

Akauchomoa ndani ya shati, umejaa jasho, akampa kijana wa Kikuyu aliyekuwa akisukuma karibu naye. Yule alilitazama lile jasho, akaukata, nusu akampelekea dereva.

Babu alishinda nasi kambini siku nzima, kwenye kivuli cha banda la walinzi. Adhuhuri baruti ililipuka machimboni. Sisi hatukuinua hata vichwa, lakini kupitia mlangoni nilimwona babu amechutama, mikono juu ya kofia, bakora imeangukia mbali. Alikaa hivyo mpaka vumbi likatua. Kisha akainuka, akajikung'uta kanzu, akaokota bakora na kwenda kutafuta maji ya kutawadha. Nilingoja kwa hofu kwamba jioni atabadilisha maneno yake. Tukiwa njiani kurudi nilikuwa namtazama kisogo tu. Hakuyabadilisha, na habari ya kuchutama hakuigusa mpaka alipofariki. Nami sikuuliza.

Mwalimu wa chuo alipoelezwa kipimo cha moshi, alikuna ndevu. "Hicho hakimo kitabuni," akasema. "Lakini kimefika palepale." Wasichana wawili wa nyumba ya pili wakarudi shule. Wenzetu wa viti vya nyuma hawakunisamehe upesi. "Wewe umepona, sisi tunakauka," mtoto wa muuza nyama aliniambia. "Ungetuacha na safari yetu." Hata hivyo alifunga, na akafunga mpaka mwezi ulipoisha, akinung'unika kila siku kuanzia Makadara. Dereva naye alibadilisha maneno yake. Asubuhi aligeuka, akatuhesabu kwa macho, akasema, "Haya, wasomi, hii si nini?" Na basi zima, Wakristo na Waislamu, likajibu kwa kelele iliyowaamsha wenye maduka: "Si safari!"

Babu hakupanda tena. Lakini kila alasiri alisimama kwenye ile kona ya sokoni, akienda na kurudi, bakora ikichora vumbi, mpaka basi litokee. Likitokea, alijifanya alikuwa anakwenda kununua ugoro.

Asubuhi ya mtihani, Idi imeshapita, alinisindikiza mpaka mlango wa basi. Nilikuwa na penseli mbili mkononi. Nilimbusu mkono, naye akanisomea aliyonisomea, akanipulizia utosini.

"Nenda mtaani, mke wangu," akasema.

Nilikwenda, nikarudi, nikapita. Ualimu nilioutaka Mungu alinipa, kwanza wa shule, na nilipostaafu, wa chuo, na watoto wa watoto wa viti vya nyuma wamesoma Yasini mbele yangu. Mlango wa msafiri nikiufundisha, nawaambia masafa kama yalivyo kitabuni. Habari ya moshi siwaambii, wasije wakaitafutia tafsiri.

Binti yangu sasa amepanga Kware, ghorofa ya sita. Nikienda kumwona, nyumba hazikatiki tangu Majengo mpaka kwake. Shamba la ng'ombe limekwisha, na pale basi letu lilipozimika pana maduka ya rangi na vioo. Kwa kipimo cha mwalimu wangu, mji ni mmoja na mimi ni mkaazi. Lakini siku ya kwanza nilipofika nilitoka kwenye veranda yake, nikageuka kutazama kwetu, na sikuona kitu isipokuwa kuta, matangi ya maji na mashuka ya watu. Niliinama huku na huku kutafuta upenyo. Hapakuwa na upenyo.

Tangu hapo, kabla sijatoka nyumbani kwenda kwake, nasoma dua ya msafiri kwa sauti ya chini, na nikikawia kuondoka binti yangu hunipigia simu.

"Mama, mbona hivyo? Ni hapo tu."

Namjibu inshallah, kisha natazama kando.